Bi Fundi Anajibu: Zungusha Ramani Kabla ya Kununua Kiyoyozi

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba nyumba nyingi mpya zinazonyanyuliwa Dar es Salaam zinakula umeme kuliko nyumba walizotuachia wazazi wetu. Nikadhani nimesema jambo dogo. Barua zilizokuja zimejaza kapu, nyingine za hasira, na mchoraji mmoja wa ramani ameniita adui wa maendeleo. Nimechagua tano. Mchoraji tutaonana naye ndani ya jibu la kwanza.

Shikamoo Bi Fundi. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 25 Kibada, Kigamboni, barabara iko magharibi. Nimechorewa nyumba ya vyumba vitatu, paa la kuficha, na sebule yenye kioo kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, inayotazama barabara. Nataka kufunga viyoyozi vitatu. Aina gani inakula umeme kidogo? Mke wangu ameanza kuiogopa LUKU kabla hata hatujachimba msingi. — Baba wa watatu, Kibada

Marahaba, mwanangu. Mkeo anaona mbali. Kama msingi haujachimbwa, zamu ya kiyoyozi bado haijafika. Tandaza ramani mezani, uizungushe robo duara. Hapo utakuwa umefanya kazi ambayo kiyoyozi cha bei yoyote hakiiwezi, na hujatoa hata senti.

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, Desemba linapita kusini kidogo, na miezi yote hiyo ikifika saa sita linakuwa juu. Jua la juu halisumbui. Upenu uliotoka sentimita 90 nje ya ukuta unalifunika dirisha la kaskazini karibu lote. Mwenye matata ni jua la saa 10 na saa 11 jioni. Hilo linakuja limelala, linapita chini ya upenu bila kubisha hodi. Upenu uleule wa sentimita 90, saa 11 jioni, unaukinga ukuta wa magharibi kama futi moja tu kutoka juu. Na wewe huko magharibi ndiko ulikoweka kioo, chini ya paa ambalo upenu wenyewe halina.

Hapo ndipo ninapogombana na yule mchoraji. Paa la kuficha linapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini ukuta unabaki uchi, unapigwa na jua kutwa na mvua ya masika inauosha mpaka rangi inatoka madoa. Bati limejificha nyuma ya ukuta, maji yanategemea mfereji mmoja wa ndani, na likidondoka jani la mwembe mahali pabaya, dari yako ndiyo itakayopokea. Mtu ananunua bati pungufu akidhani ameokoa hela, kisha anakuja kuilipa kwa LUKU na kwa fundi wa rangi.

Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zitazame mashariki na magharibi. Barabara iko magharibi, sawa, lakini nani alisema sebule lazima ichungulie barabara? Upande huo weka choo, stoo, ngazi ya tangi, au kibaraza kipana chenye paa lake, mkae jioni mkinywa chai huku kibaraza kikipokea jua kwa niaba ya sebule.

Upepo nao una njia zake, na wavuvi wa Kigamboni watakueleza bila kukutoza. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi, miezi ile ya kutoa shuka kitandani. Kusi inatoka kusini mashariki kuanzia mvua za masika. Kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili, moja lipokee na la pili litoe. Upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii, hata dirisha liwe kubwa kama geti. Na hayo madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, piga hesabu vizuri: umelipia dirisha zima, linalofunguka ni nusu. Weka wavu wa mbu, upepo unapungua tena. Mimi siku hizi nawashauri watu wachukue yanayofunguka kama mlango, au luva kwa vyumba vya nyuma.

Sasa paa. Hapa nazungumza kama mtu aliyeungua. Mimi ni fundi umeme, nimevuta waya kwenye nyumba za watu tangu nikiwa msichana, lakini nyumba yangu ya Chanika niliijenga kama kipofu. Nilihamia mwaka 2011 dari haijafungwa, maana wote tunajua fedha huwa inaishia kwenye bati. Bati lenyewe la msauzi, jekundu la damu ya mzee, kwa kuwa jirani alikuwa nalo. Juu ya kabati la nguo niliweka pakiti ya mishumaa ya dharura. Usiku mmoja wa Februari umeme ukakatika, nikapapasa juu ya kabati, nikashika mishumaa imejikunja kama ndizi. Hakuna mtu aliyeiwasha. Ilipinda kwa joto la mchana lililoshuka kutoka kwenye bati.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa joto la paa linavyosafiri. Kaa pembeni ya jiko la mkaa, si juu yake, pembeni. Muundi wako unaungua ingawa hakuna hewa moto inayokuja huko, kwa sababu mkaa unamulika joto kama taa inavyomulika mwanga. Bati lililochomwa na jua linaimulika dari hivyohivyo, na dari ya jipsamu ikishapata moto inakumulika wewe kitandani mpaka saa 4 usiku. Dawa zake ni tatu na hakuna ya ajabu. Bati la rangi ya mwanga, jeupe au krimu, kwa sababu linarudisha jua lilikotoka. Karatasi ya foili chini ya papi, zile mbao zinazobeba bati, iachwe nafasi ya angalau inchi moja kati yake na bati, la sivyo joto linapita kwa kugusana na utakuwa umenunua mapambo. Na matundu yenye wavu chini ya upenu na juu karibu na kilele, ili hewa moto ya darini itoke yenyewe. Foili hiyo ifungwe wakati wa kupaua. Kuja kuifunga baadaye ni kubomoa dari uliyoilipia, najua kwa sababu niliibomoa yangu. Foili ilipokwisha kufungwa, kiyoyozi changu kimoja nikamuuzia jirani, yuleyule wa bati jekundu.

Tuje kwenye fedha. Uniti moja, kwa sisi tulio kwenye kundi la kawaida, ni shilingi 292 na ikishabeba kodi na tozo inagonga kama 356. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) usiku mmoja wa saa nane, kikipumzika na kuwaka, kinaweza kula uniti 6. Hiyo ni shilingi 2,100 na ushee kwa usiku, karibu 64,000 kwa mwezi, kwa chumba kimoja. Zidisha kwa vitatu halafu mwonyeshe mkeo. Feni ya dari ya wati 75 kwa saa zilezile nane inakula uniti 0.6, shilingi kama 214. Na mwenye kutumia kidogo, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi akawa kwenye kundi lake, bei yake ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, chini ya nusu ya yetu. Nyumba yenye friji, taa za LED, televisheni na feni moja inayofanya kazi usiku inaweza kukaa humo. Nyumba yenye kiyoyozi haikai.

Uliniuliza aina, nisikukwepe. Chukua kimoja tu, cha chumba mnacholala, chenye inveta (kinachopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka), cha ukubwa wa chumba na si cha ukubwa wa sifa. BTU 9,000 zinatosha chumba cha mita tatu na nusu kwa mita tatu na nusu chenye dari nzuri. Kiweke nyuzi 26 na feni iwake taratibu. Vyumba vingine vuta waya na uache tundu la bomba limezibwa. Mwaka wa pili uniandikie kama ulilihitaji.

Dada Bi Fundi, salaam kutoka Dodoma. Fundi wangu anasema tupandishe ukuta kutoka kozi (mistari ya tofali) 11 hadi 13 ili nyumba iwe na ubaridi. Nina tofali za kuchoma tayari. Ni kweli? — Mwalimu wa hesabu

Ni kweli nusu, na mwalimu wa hesabu hawezi kutoa alama kamili kwa nusu. Hewa moto inapanda, hilo sahihi. Lakini ikifika juu ikakuta hakuna tundu, inakaa hukohuko kama abiria aliyepitilizwa kituo, na dari iliyochemka inaendelea kukumulika kichwani kama kawaida. Kozi moja ya nyumba ya vyumba vitatu, ukijumlisha kuta za ndani, inaweza kumeza tofali 150 hadi 200 za block, na zako ni ndogo zaidi kwa hiyo zitakwenda nyingi. Zidisha kwa mbili, weka saruji, weka siku za fundi. Fedha hiyo ifunge foili na matundu ya darini, ubaki na kozi zako 11.

Jambo moja unalo wewe ambalo ndugu wa Kibada hana, nalo ni usiku wa baridi. Dodoma iko juu kama mita 1,100, hewa kavu, na Julai mnalala na blanketi. Ukuta mnene wa tofali za kuchoma kwako ni mali. Unameza joto mchana polepole, usiku unafungua madirisha na baridi inaupoza, kesho unaanza upya. Kwa hiyo mchana wa Oktoba funga madirisha, usiku fungua. Dar es Salaam usiku wa Februari haupoi vya kutosha, ukuta mnene unakuja kukutemea joto saa ya kulala. Ndiyo maana babu zetu wa pwani waliojenga kwa mawe kule Mji Mkongwe walijenga vyumba virefu kwenda juu, wakapaka chokaa nyeupe, wakabananisha vichochoro ili kila nyumba imtilie kivuli mwenzake, na joto likizidi wakapanda kulala juu. Sasa mtu anachukua ukuta wa kule, anauacha bila kivuli chake, halafu anashangaa.

Bi Fundi, Mola akuweke. Mimi niko Mombasa, nimeonyeshwa nyumba mpya mahali, muuzaji yuasema ni nyumba ya kuokoa stima, ina cheti cha EDGE, na kwa hivyo imepanda shilingi 600,000 juu ya nyumba za jirani. Asema nitaokoa 3,000 kila mwezi. Kwa sasa tokeni zangu hazipiti 6,000 kwa mwezi. Ninunue? — Mama Mvita

Aamin, dada yangu. Cheti chenyewe si cha uongo. EDGE ni mpango wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, na kukipata lazima nyumba ioneshe kwamba itapunguza angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji, na asilimia 20 kwenye hewa ya ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Hivyo vya vifaa vya ujenzi vinaisaidia dunia, ila kwenye tokeni zako havionekani.

Kuna cheti cha awali, kinachotolewa kwa michoro, na kuna cha mwisho, kinachotolewa baada ya jengo kukaguliwa limesimama. Mwambie muuzaji akuoneshe cha mwisho. Akianza kukueleza historia ya kampuni, jibu umeshapata.

Halafu hesabu. Hata ukimwamini, 600,000 gawanya kwa 3,000 ni miezi 200, miaka 16 na miezi minane, kabla hujaona faida. Na 3,000 ni nusu ya tokeni zako, wakati cheti kinaahidi kuanzia asilimia 20. Asilimia 20 ya 6,000 ni 1,200. Gawanya tena: miezi 500. Huo ni zaidi ya umri wa miaka 41, mjukuu wako atakuwa anakata tokeni. Usisahau pia kwamba asilimia hiyo inalinganishwa na nyumba ya kawaida ya mfano, haikulinganishwa na wewe, ambaye inaelekea unaishi kwa feni na akili.

Sisemi usinunue. Nyumba yenye maji moto ya jua, kivuli kizuri na mabomba yanayobana maji ni raha hata ukiiondoa hesabu. Nasema bei ishuke. Kabla ya kubishana naye, nenda uitembelee saa 9 au saa 10 alasiri, siku ya jua, bila miadi. Ingia chumba cha ghorofa ya juu, weka kiganja kwenye dari, kisha kwenye ukuta wa magharibi. Zima AC waliyokuwashia. Fungua madirisha, washa kiberiti ukizime, uangalie moshi unakwenda wapi. Moshi ukisimama, hakuna upepo humo. Na ukimkuta aliyekwisha hamia, mwombe kwa adabu akuoneshe jumbe za tokeni za Februari na Machi kwenye simu yake. Kwa stima, hakuna karatasi ya muuzaji inayoshinda simu ya mpangaji.

Shikamoo mama. Tumehamia nyumba yetu mpya Arusha mwezi wa sita. Tuko watano, tumefunga hita ya bafuni ya papo kwa papo. LUKU ya 20,000 haimalizi wiki mbili, na mara mbili swichi ya bafuni imenuka kuungua. Tufanye nini? — Mkwe wa Sakina

Marahaba mwanangu. Tuanze na harufu, fedha itafuata. Leo hii zimeni hiyo hita kwenye sakiti breka na msiiwashe tena mpaka fundi mwenye leseni aone. Hita hizo nyingi ni wati 5,500. Kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Nina wasiwasi mmevutiwa waya wa mm 2.5 uliochanganywa na soketi za chumbani, kwa sababu ndivyo nilivyokuta kwenye nyumba mpya nyingi nilizoitwa kuzima moshi. Hita inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, mm 4 kwenda juu, mimi hufunga mm 6, na breka yake na waya wa ardhi wa kweli. Waya wa ardhi uliokunjwa ndani ya swichi bila kufika ardhini nimeuona kwa macho yangu.

Fedha sasa. Wati 5,500 kwa dakika kumi ni uniti 0.9, shilingi kama 326. Mkiwa watano, mara moja kwa siku, ni shilingi 1,600 na ushee, karibu 49,000 kwa mwezi, kwa kuoga tu. Na Julai ya Arusha hakuna anayeishia dakika kumi.

Mkiweza kujibana, fungeni hita ya jua ya lita 200 juu ya paa, ile ya mirija ya kioo au ya sahani. Itazame kaskazini, kwa sababu miezi yenu ya baridi jua liko kaskazini, na ilale kwa mwinamo wa nyuzi 10 au zaidi ili maji moto yaweze kupanda kwenda kwenye tangi yenyewe bila pampu. Siku za mawingu mazito Juni na Julai maji yatakuwa vuguvugu, hilo nawaambia mapema msije mkanitukana. Kama fedha haipo, ndoo ya lita 15 inahitaji chini ya nusu uniti kufika joto la kuogea, na kopo halijawahi kumtia mtu aibu.

Wengine mnaojenga na hamna uwezo wa hita ya jua leo: lazeni bomba la maji moto sasa hivi, wakati ukuta bado haujapigwa plasta, na bafu liwe mgongo kwa mgongo na jiko ili bomba liwe fupi. Bomba la mita 15 linakulazimisha umwage maji baridi kila asubuhi ukisubiri ya moto, na yale ya moto yaliyobaki humo njiani yanapoa bure.

Bi Fundi, nyumba yangu ya Goba imeisha lakini hatujahamia, yuko mlinzi tu. Kila nikinunua umeme wa 10,000 uniti zinakuja pungufu na zinaisha upesi. Naibiwa? — Mama K.

Zinakuja pungufu kwa sababu ya kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa kupitia LUKU. Ukikaa miezi minne bila kununua, siku utakayonunua inakatwa 6,000 kwa mkupuo mmoja. Soma risiti yote, imeandikwa humo.

Zinaisha upesi ni kesi nyingine. Zima breka zote, tazama taa ya mita kama bado inapepesa. Ikitulia, washa moja moja mpaka umpate anayekula. Na kabla ya kumwita fundi, pita hapo saa 1 usiku bila kupiga simu, uangalie mlinzi anapikia nini. Jiko la koili la wati 2,000 linachemsha maharage saa mbili na kula uniti nne, na halitoi moshi wa kukustua.